Kicheko cha Lafudhi: Mzee Ojwang na Matofali Yanayoanguka

Imekuwa ada katika idara zetu za Kiswahili kukihakiki kichekesho cha televisheni kana kwamba ni riwaya iliyopungukiwa. Mhakiki hutafuta msuko asiupate. Hutafuta ukuaji wa wahusika akakutana na wahusika bapa. Kisha, kwa huruma, huorodhesha maudhui, yaani ulevi, ndoa, tamaa ya mali, na kuhitimisha kwamba kipindi kimeielimisha jamii. Mimi nakipenda kipindi cha Vitimbi cha KBC kwa sababu ambazo orodha hiyo haizigusi kabisa. Msomaji atanistahimili nikisema kwamba istilahi za kuzieleza sababu hizo nilizipata, si katika nadharia, bali katika mchezo wa video uitwao Tetris.

Mchezo huo ulibuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Kisovieti mjini Moscow. Mashine aliyoitumia, Elektronika 60, haikuweza hata kuchora picha, hivyo matofali yake ya kwanza yaliundwa kwa alama za mabano. Sisi wengine tuliufahamu kupitia vile vidude vya plastiki vya kioo cha kijivu vilivyouzwa mitaani Nairobi na Kisumu miaka ya tisini. Kanuni zake ni chache. Maumbo ni saba tu, kila moja la miraba minne, nayo huanguka moja baada ya jingine. Mchezaji huyageuza na kuyapanga, na mstari ukijaa hutoweka. Ushindi haupo. Mchezo huishia pale mchezaji anaposhindwa, ijapokuwa mnamo Desemba 2023 kijana wa Kimarekani wa umri wa miaka 13 alicheza toleo la Nintendo mpaka programu yenyewe ikakwama.

Hapana anayelilaumu umbo la Tetris kwa kuwa bapa. Thamani yake imo katika kujulikana kwake: tunalitambua likiwa bado juu, na raha yetu yote ni kuona litatua wapi, na lini. Mzee Ojwang ni umbo la namna hiyo. Anapoingia, hadhira inajua kwamba atamkaripia Mama Kayai, kwamba Mama Kayai hatakubali kukaripiwa, na kwamba ujanja wa mzee utamrudia mwenyewe. Kisichojulikana ni ule wakati mahususi ambapo atanyamaza, atamtazama mkewe, kisha alitue neno. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba tunacheka pale tunapomwona kiumbe hai akitenda kama mtambo. Nakubaliana naye nusu. Mtambo peke yake hauchekeshi. Tunachokicheka kwa Ojwang ni kuona mtambo ule ule ukiendeshwa na mtu aliyejaliwa kuupima muda. Mhakiki anayesoma mswada wa kipindi bila kukitazama anahesabu matofali yaliyokwisha kuanguka.

Hata hivyo, mlinganisho huu unafika mahali unakataa, na hapo ndipo penye uzito kwangu. Matofali ya Pajitnov hayana kwao. Ojwang ana kwao. Umbo lake ni lafudhi: Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/, basi kinywani mwa mzee huyo shamba huwa samba na shida huwa sida. Baba yangu, mzaliwa wa Seme, alizungumza hivyo hivyo maisha yake yote. Hakukosa kipindi. Alicheka mpaka akavua miwani, na alimwita Ojwang omera, kana kwamba ni jirani. Nami, katika shule ya bweni ambayo sina haja ya kuitaja, nilichekwa kwa lafudhi hiyo hiyo kwa muda wa miaka miwili, na wenzangu walijifunzia maneno ya kunichekea kutoka kipindi kile kile. Ni sanaa moja iliyotoa vicheko viwili. Uhakiki unaosema tu kwamba lafudhi ni mbinu ya ucheshi haujatuambia lolote kuhusu tofauti kati yavyo.

Jambo hili si la shule za bweni pekee. Wasomaji wa Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, wanakumbuka Waefraimu walioulizwa watamke neno moja tu kwenye vivuko vya Yordani, wakashindwa na /sh/, wakachinjwa. Nchini mwetu, katika majuma yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walikuwapo waliosimamishwa barabarani wakapimwa kwa vitambulisho na kwa lugha zao. Baada ya hayo sikuweza kuitazama Vitimbi kwa muda, na nilipoirudia niliitazama kwa sikio jingine.

Kilichonirudisha ni mwigizaji mwenyewe. Mzee Ojwang aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, na Wanjau alikuwa Mgikuyu. Baba alipoambiwa hakuamini. Lafudhi ile, basi, haikuwa ya kuzaliwa nayo. Ilisikilizwa, ikasomwa, ikatungwa upya na mtu wa jamii nyingine kwa makini ambayo watu wachache huyapa maneno ya jirani yao. Pembeni yake, katika vichekesho vya KBC vya miaka hiyo, walikuwapo akina Makokha na Masaku na Otoyo, kila mmoja na ulimi wake. Hapa ndipo dhana yetu wenyewe ya utani inapofaa kuliko Bergson. Utani una masharti: anayetaniwa ana haki ya kujibu, na zamu yake itafika. Kicheko cha baba kilikuwa cha utani. Cha bwenini hakikuwa na zamu.

Wachezaji wa Tetris wanalielewa suala hili la zamu barabara. Katika matoleo ya kale maumbo yaliletwa karibu kwa bahati nasibu tupu, na mtu aliweza kulisubiri lile umbo refu mpaka akazikwa na matofali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, matoleo mengi rasmi hufuata utaratibu wa mfuko: maumbo yote saba hutiwa humo, huchanganywa, na hayarudiwi mpaka yote yameanguka. Hapana umbo litakalosubiriwa kwa zaidi ya mengine kumi na mawili. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa wanafunzi wetu wakitumie kwa kichekesho cha lafudhi, badala ya kuuliza tu kama kinakejeli kabila fulani: katika mfuko wa kipindi hiki mna ndimi zipi, na ni upi ambao hauanguki kamwe?

Ukikitumia kwa Vioja Mahakamani, ndugu yake Vitimbi, jibu linakuja upesi. Washtakiwa na mashahidi huleta kizimbani lafudhi za kila pembe ya nchi, na kila moja huchekwa kwa zamu yake. Hakimu na kiongozi wa mashtaka husema Kiswahili kilichonyooka, cha kitabuni, na hapana anayekicheka. Ndicho sakafu ambayo matofali yote huangukia. Baba aliliona hilo kabla yangu. Jioni moja, wakati wa kipindi, aliniuliza kwa Dholuo kama yule hakimu hana kwao. Wakati huo nilikuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, kwa Kiswahili hicho hicho cha hakimu.