Ile Miaka ya DOOM Ambayo Hakuna Aliyeiona

Wasee, wengi wenu mkisikia MF DOOM mnafikiria barakoa ya chuma. Sawa tu. Hata mimi nilimjua kupitia hiyo barakoa, kwa tisheti ya jamaa fulani ndani ya matatu ya Rongai. Lakini kilichonishika ni miaka ya kabla hajaivaa.

Jina lake Daniel Dumile. Alizaliwa London mwaka wa 1971, baba Mzimbabwe, mama wa Trinidad, akalelewa Long Island, New York. Alianza na mdogo wake, DJ Subroc, kwenye kundi la KMD. Albamu ya kwanza ilitoka 1991, maisha yakaanza kunyooka. 1993, wakiwa kwenye ya pili, Subroc akagongwa na gari akivuka barabara kuu. Akafa. Mwaka uliofuata lebo ikakataa kutoa hiyo albamu, eti jalada linaleta shida: lilichorwa kikaragosi cha kibaguzi kikinyongwa. Kundi likatemwa. Ndani ya muda mfupi hivyo, ndugu hayuko, kundi haliko, kazi haiko.

Halafu akapotea. Karibu miaka mitatu, kimya. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa anazunguka tu Manhattan, karibu akose makao, usiku mwingine analala kwenye benchi.

Hiyo sehemu niliisoma nikiwa kwa bedsita yangu, mwezi wa tano tangu niache kampasi. Karo ilinishinda, halafu hata hamu ikaisha. Mathe alikuwa bado anajua niko mwaka wa tatu. Kila Jumapili akipiga ananiuliza mitihani, namwambia iko sawa. Nikimaliza simu nawasha taa, narekodi video nikicheka kama mtu mwenye mpango.

DOOM aliporudi, alianzia jukwaa dogo la Nuyorican Poets Café, ambapo yeyote anaweza kupewa maiki. Uso ameufunika na soksi ndefu ya kike. Barakoa ilikuja baadaye, na Operation: Doomsday ikatoka 1999. Watu husema alikuwa anajificha. Manze, mtu anayejificha hapandi jukwaani.

Kama hujawahi kumsikiza, anza na Madvillainy ya 2004, aliyofanya na Madlib. Nyimbo 22, dakika 46, na nyingi hazina hata kiitikio. Ukianza tu kuupenda wimbo, umeisha. Biti kadhaa Madlib alizitengenezea chumba cha hoteli huko Brazil, na vifaa vya kubeba kwa begi. Nakala ya mapema ikavuja mtandaoni zaidi ya mwaka mzima kabla ya albamu kutoka. Mimi ningelia. DOOM alirudi akarekodi upya, sauti nzito zaidi, polepole zaidi. Na vina! Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha vina vya kati na vya mwisho. Huyu anaweka kila mahali, mpaka unarudisha nyuma mara tatu ndio ushike.

Kuna mahali simtetei. Mwaka wa 2007 alianza kutuma watu wengine wapande jukwaani na barakoa yake, wanajifanya yeye. Akasema ni sehemu ya sanaa. Mtu amelipa tiketi, bana. Huo ni uongo.

2010 alitoka kwenda ziara Ulaya, akazuiwa kurudi Marekani. Aliishi huko tangu utotoni lakini hakuwahi kuwa raia. Akabaki Uingereza, akafariki Leeds tarehe 31 Oktoba 2020, akiwa na miaka 49. Sisi tulijua 31 Desemba, mkewe alipotangaza. Miezi miwili dunia inamwongelea kama mtu aliye hai.

Nikahesabu yangu. Nilikuwa nimemficha mathe miezi minane.

Jumapili iliyopita alipouliza mitihani, nikamwambia. Alinyamaza mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Halafu akauliza, "Sasa huko unakula nini?"