Waya za meno: kukaza sana siyo kuwahi kumaliza

Binti yangu ana miaka 13 na amefungwa waya za meno. Sisi tuko Korogwe, daktari wa kupanga meno yuko Dar es Salaam, na kila baada ya wiki 6 tunapanda basi alfajiri. Hesabu nauli ya watu wawili, chakula, na siku ya shule inayopotea. Mtoto naye usiku analia, anataka zitolewe. Ndipo shemeji yangu wa Handeni aliposema, "Shemeji, mwambie daktari akaze kabisa mara moja, mmalize."

Nikamuuliza daktari. Jibu lake kila mzazi angelisikia.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi, wenye mishipa ya damu. Waya ikisukuma taratibu, mfupa wa upande unaobanwa huliwa kidogo kidogo, upande wa pili unajengeka mpya, na jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi. Ukibana kwa nguvu, damu haipiti. Sehemu ile inakufa, jino linagoma kusogea mpaka mwili uisafishe, na mzizi waweza kuliwa ukawa mfupi. Yaani maumivu zaidi, na safari zile zile.

Ndiyo maana waya ya kwanza huwa nyembamba, ya mchanganyiko wa nikeli na titani. Madini hayo yalitoka maabara ya jeshi la majini la Marekani, yakaingia kwenye meno miaka ya 1970. Ukiipinda hurudi yenyewe polepole, ikisukuma kidogo kwa wiki nyingi. Waya nene ya chuma huja baadaye.

Maumivu huanza saa chache baada ya waya kubadilishwa, hukolea kesho yake, na ndani ya wiki huisha. Hapa nyumbani ni uji, wali laini na parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Maji baridi nayo husaidia, kwani baadhi ya waya hizi hulegea zikipoa. Muwa na mahindi ya kuchoma marufuku (kwa bibi Handeni hiyo ni vita). Maumivu yakipita wiki, piga simu, usingoje tarehe.

Nilichoomba mimi ni nafasi. Kwa kuwa waya hiyo inaendelea kusukuma yenyewe, daktari amekubali tuje kila wiki 8.