Mwakani Nitaing'oa

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Mimi siwapingi, lakini wahenga hao hawakumjua nyanya yangu anayekaa nje kidogo ya mji wa Thika.

Nyanya ana mibuni ya SL28 aliyoachiwa na marehemu babu. Mvua ikizidi tu, kahawa mbichi huingia madoa meusi ikaozea mtini. Basi ni kupiga dawa, na dawa ni pesa! Kila msimu yeye hulalamika, "Nimechoka na miti hii. Mwakani nitaing'oa."

Na msaada hauko mbali. Mwaka wa 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Mnamo 2010 kikatoa na Batian. Kutoka Thika hadi Ruiru ni matatu moja tu. Nyanya anayajua haya yote, tena ndiye aliyenieleza. Mbona basi haing'oi?

Ukimwuliza, atakwambia ati ladha ya Ruiru 11 haifikii ile ya SL28. Ladha gani, jamani, na tangu nimjue yeye hunywa chai ya maziwa!

Siku moja nilimbana. "Cucu, niambie ukweli."

"Mjukuu wangu," akajibu, "nikiing'oa leo nitakaa kama miaka miwili nikiangalia miche. Nitakula nini? Na huu hapa najua tawi la kukata na la kuacha. Huo mpya nitauanza kama mtoto wa darasa la kwanza."

Hapo nikanyamaza. Kumbe mtu hutaka kweli kubadilika, ila katikati pana kipindi ambacho hana la zamani wala jipya, na hapo ndipo hataki kupita. Mjomba wangu naye kila Januari huacha sigara. Moshi si kitu, asema, lakini wenzake wakivuta pale stejini, yeye mikono ataiweka wapi?

Wakulima hufundishwa njia nyingine siku hizi: unakata mbuni wa zamani, unaliacha shina lichipuke, kisha unapandikiza kikonyo cha Ruiru 11 kwenye chipukizi. Mizizi inabaki ile ile ya babu. Mwezi uliopita nyanya alikubali mashina manne yafanyiwe hivyo. Manne tu, tena nyuma ya nyumba, majirani wasiyaone.