Nyigu Asiye Nyigu
Kule Nyamarambe, katika vilima vya Kisii, mama mwenyeji wangu aliinua kandambili ili ampige nyigu aliyetua juu ya marando ya viazi vitamu. Nilimzuia. Mdudu yule hakuwa na kiuno chembamba, na mbawa zake zilipenyeza nuru kama kioo. Kumbe ni nondo arukaye mchana, wa jamii ya Sesiidae, aonekanaye kwa nadra. Miongoni mwa viwavi wa jamii hiyo wamo watoboao mashina ya viazi. Nilimpiga picha, nikaandika tarehe, mahali na mmea. Jina la aina yake niliwaachia wajuzi. Kumbukumbu ni ushahidi, na ushahidi ni amana.