Orodha Isiyotaja Wenyewe

Kazi aliyopewa ilionekana nyepesi mithili ya unyoya. Kijana huyo, Mkenya aliyeajiriwa kuwa fundi katika kiwanda cha vipuri vya magari huko Michigan, Marekani, alitakiwa kupunguza programu zilizorundikana katika kumbukumbu ya roboti moja kuukuu ya kuchomelea vyuma. Fundi aliyeihudumia kwa miaka mingi alikuwa amestaafu bila kuacha daftari wala barua.

Akaketi mbele ya tarakilishi, akaiunganisha na kidhibiti cha roboti, akaandika programu ndogo ya kuorodhesha faili. Roboti yenyewe ilikuwa ya FANUC, kampuni ya Kijapani. Orodha ikamiminika: WELD1, WELD1A, WELD1B, TEST2, TEST22 na nyingine kadha wa kadha. Vidhibiti vya kizazi hicho havikuruhusu jina kuzidi herufi 8, na kwa herufi 8 mtu hawezi kueleza mengi. Hata TEST2, iliyoonekana kuwa jaribio tu, yamkini ndiyo iliyofanya kazi kila siku.

Kila programu ilijitokeza mara mbili: faili inayoishia kwa TP, ambayo ni ya mashine, na inayoishia kwa LS, ambayo binadamu anaweza kuisoma. Hii ya pili haihifadhiwi popote; kidhibiti huitunga papo hapo inapoombwa. Akaziomba zote, akasoma vichwa vyake. Nafasi ya maelezo, yenye herufi 16 tu, ilikuwa tupu. Palipopasa kutajwa mwenye programu, kila faili ilisema MNEDITOR, yaani kihariri cha mtambo wenyewe. Ajabu ya Musa! Kila nukta katika njia ya mkono ule ilifundishwa na mtu aliyesimama kando yake, akiusogeza milimita kwa milimita hadi ncha ikaufikia mshono, ilhali sifa ya umiliki ikaenda kwa mtambo. (Wapenzi wa etimolojia watakumbuka kwamba neno roboti lilitokana na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, na kwamba asili yake ni neno la Kicheki linalokaribiana sana na shokoa yetu.)

Kijana akabuni kanuni: programu isiyoitwa na nyingine yoyote ni yatima, na yatima ifutwe. Akakiagiza chombo chake kitafute amri ya CALL ndani ya kila faili. Mayatima wakapatikana, miongoni mwao PNS0047.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta alipolitazama jina lile mara ya pili. Halikufanana na mengine: PNS, kisha tarakimu 4. Programu za namna hiyo haziitwi kutoka ndani. Mtambo mwingine, unaoongoza shughuli za sehemu nzima ya kiwanda, hutuma namba kwa ishara za umeme, na kidhibiti hutafuta programu yenye namba hiyo. Mwitaji yuko nje ya orodha. Lau angeifuta, roboti isingelalamika saa ile. Ingegoma usiku, katika zamu ya watu wengine, siku ambayo kipuri cha aina ile kingefika.

Akaifungua. Katika mstari wa 3, baada ya alama ya hisi inayotangulia maelezo, yule mstaafu alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa mkato, kwamba hiyo ni ya oda za nadra, isifutwe. Hayo ndiyo maelezo pekee yaliyopatikana katika faili zote.

Jioni ile alifuta programu 3 tu, tena baada ya kuhifadhi nakala za zote. Msimamizi wake hakufurahi, kwa maana alitarajia kumbukumbu iliyofyekwa. Kijana akamweleza sababu, kisha akachukua kifaa cha kufundishia na kuanza kujaza zile nafasi za herufi 16, programu moja baada ya nyingine, hadi king'ora cha mwisho wa zamu kikalia. Mahali pa mwenye programu hakupagusa. Pamebaki MNEDITOR.