Umeme Nao Ujue Kuachia

Sisi wakaaji wa Manyoni tumezoea mambo ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Na hapa kwetu ndipo tawi la kwenda Singida linapoachana na njia kubwa. Mahali reli zinapoachana pana ndimi mbili za chuma zilizochongoka. Zikisukumwa upande mmoja, gari la moshi hufuata njia ya Tabora. Zikisukumwa upande wa pili, hufuata ya Singida.

Mjukuu wangu wa miaka 14 aipenda kazi hiyo kuliko mpira. Amejenga reli ndogo juu ya ubao, tena ataka ndimi zake zigeuzwe kwa umeme. Alizungusha waya mwembamba wa shaba juu ya mrija wa kalamu, ndani akatia msumari. Umeme ukipita, waya huwa sumaku. Sumaku huvuta msumari, na msumari huvuta ndimi. Umeme aliupata katika betri ya sola ya nyumbani, volti 12.

Siku moja mama yake alisikia harufu ya kuungua. Mrija ulikuwa umeyeyuka, ubao umeanza kuwa mweusi. Akataka kuutia mtambo wote jikoni uwe kuni. Alikuwa na haki ya kuogopa, maana jiko letu la nyasi liko karibu, na betri ile ndiyo taa ya watoto wote. Nikamwomba, "Mama, ningojee hadi jioni."

Jioni nikamwuliza kijana, "Mgeuza reli akishavuta mkono wa chuma, hufanya nini?"

"Huufunga, babu, kisha huachia."

"Na umeme wako, mbona hauachii?"

Akanyamaza, kisha akacheka. Alikuwa ametumia swichi ya taa, nayo ikiwashwa hukaa imewashwa. Waya wa namna ile hufanya kazi kufumba na kufumbua. Ukiachiwa umeme, huungua.

Tukaenda pamoja kwa fundi wa redio. Kwanza, swichi iliondolewa, kikawekwa kitufe cha kengele, ambacho ukiondoa kidole hurudi chenyewe. Pili, springi ndogo iliwekwa kuzishika ndimi zikishageuka. Tatu, fyuzi ya ampea 2 ilifungwa karibu kabisa na betri, ili nyaya zikigusana ikatike fyuzi, nyumba isiungue.

Nne, fundi alitia kapasita ya volti 25, nayo hujazwa polepole kupitia rizista ya omu 220. Ni kama mtungi unaojazwa kwa matone, kisha humwagwa mara moja. Ukibonyeza kitufe, nguvu yote hutoka kwa pigo moja. Kitufe kikinasa, umeme unaopita haufiki hata sehemu ya kumi ya ampea, na waya hauungui. Lakini mguu wa chanya wa kapasita lazima uelekee chanya ya betri. Ukigeuzwa, kapasita yaweza kupasuka.

Mama mtu alibonyeza mwenyewe mara ishirini, akagusa waya: baridi. Akatoa ruhusa, kwa sharti moja: kila usiku nyaya zitoke kwenye betri.

Wazazi wenzangu, mtoto mwenye mikono ya ufundi msimvunjie kazi yake. Mkalishe karibu nawe, mwulize maswali, na fyuzi mnunulie wewe.