Picha Isiyochelewa



Wapendwa waamini, Mama Kanisa amewajali daima wasioweza kufika altareni. Mwaka 1958 Papa Pio XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa yasimuliwa kwamba, akiwa mgonjwa kitandani, alijaliwa kuiona Misa ya Noeli asiyoweza kuihudhuria.

Wagonjwa na wazee wetu huifuata Misa ukumbini kwa njia ya kamera iliyounganishwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 huko Uingereza. Sauti huwafikia papo hapo kwa waya, lakini picha ilikuwa ikichelewa zaidi ya sekunde mbili. Mama mmoja mzee aliniambia: “Baba Padre, kengele ya mageuzo inalia, tunainua macho, Hostia hatuioni. Tukiinama kusujudu, ndipo inapoinuliwa.”

Vijana wetu waliweka mbele ya kamera saa ihesabuyo sehemu za sekunde, wakaipiga picha pamoja na skrini, wakaona tofauti ya nyakati mbili. Kamera hutoa picha 30 kwa sekunde, na programu ya kuonesha ilikuwa ikilimbikiza picha 60 kwanza, kwa tahadhari baadhi zisipotee njiani. Tena, picha iliyopotea ilisubiriwa itumwe upya, na zilizofuata zikasimama nyuma yake. Basi wakaipunguza akiba ile, wakatumia waya badala ya mtandao wa hewani, wakakubali picha iliyopotea ipotee. Sasa kuchelewa hakufiki theluthi ya sekunde. Mara chache picha huruka kidogo, wala wazee hawalalamiki.

Nimelitafakari jambo hili. Akiba iliyowekwa kwa hofu ndiyo iliyowanyima wazee wetu saa yao ya kusujudu. Hata Waisraeli jangwani waliweka mana ya kesho, nayo ikaingia funza (Kut 16). Nasi je? Twaweka akiba ya msamaha hadi siku tutakapokuwa tayari, na ya kumtazama mgonjwa hadi tupate nafasi. Neema hutolewa leo, kwa kipimo cha leo.

Skrini haishiki nafasi ya Komunyo, ndiyo maana Ekaristi hupelekwa ukumbini kila Misa. Juma hili, kila familia imtembelee mgonjwa mmoja, wala isingoje Dominika ijayo.

Bwana awabariki nyote.